Kutoka Create React App kwenda Vite: uzoefu wangu

Vite, zana ya kuanzisha na kujenga miradi ya React (maktaba ya JavaScript ya kutengenezea kurasa), naipa nyota nne na nusu kati ya tano. Hiyo nusu nitaieleza.

Create React App, zana ya zamani ya kazi hiyohiyo, ilitoka mwaka 2016, na kwa miaka mingi kila aliyejifunza React alianzia hapo. Nyaraka mpya za React za Machi 2023 hazikuipendekeza tena, na tarehe 14 Februari 2025 timu ya React ikatangaza kwamba isitumike kwa miradi mipya. Masomo mengi ya mtandaoni bado yanaanza na npx create-react-app. Jifunze React humo, lakini mradi wako uanzishe kwa npm create vite@latest.

Tofauti ya kwanza utakayoiona ni kasi. Create React App hutumia webpack, inayofungasha programu nzima kabla ya ukurasa wa kwanza kufunguka. Vite huandaa maktaba za node_modules (folda ya maktaba ulizopakua) mara moja na kuzihifadhi, kisha kivinjari huomba faili zako moja moja kadiri zinavyohitajika. Mradi ukiwa mkubwa, nafuu hiyo ni kubwa mno.

Kuhamisha mradi wa zamani si kazi ngumu. Toleo la 7 la Vite linataka Node (programu inayoendesha JavaScript kwenye kompyuta yako) 20.19 au 22.12 kwenda juu. Ondoa react-scripts, weka vite na @vitejs/plugin-react, halafu andika vite.config.js yenye plugins: [react()]. Toa index.html ndani ya public uilete kwenye folda kuu, futa kila %PUBLIC_URL%, na kabla ya </body> ongeza <script type="module" src="/src/index.jsx"></script>. Faili zote za .js zenye JSX (alama zinazofanana na HTML ndani ya JavaScript) zibadilishe ziwe .jsx, la sivyo Vite itagoma kuzisoma. Kwenye package.json, amri ziwe vite na vite build.

Panapokwamisha wengi ni faili ya .env, inayohifadhi mipangilio ya mradi. REACT_APP_ inakuwa VITE_, na process.env inakuwa import.meta.env. Ukisahau mahali pamoja tu, ukurasa unabaki mweupe na konsoli inaandika "process is not defined". Ukikosea kiambishi ni vibaya zaidi: hakuna kosa linaloonyeshwa, thamani inakuja undefined kimyakimya. Na tafadhali, chochote kinachoanza na VITE_ kinaingia kwenye msimbo unaopelekwa kwa mtumiaji, kwa hiyo funguo za siri zisikae humo kamwe.

Poti nayo ni 5173, si 3000. Kama API yako inaruhusu localhost:3000 pekee, kivinjari kitazuia majibu yake kwa sababu ya CORS (kanuni ya kivinjari kuhusu anwani zinazoruhusiwa kusoma majibu ya seva), hivyo kwenye vite.config.js weka server.port iwe 3000. Mstari wa "proxy" wa package.json, unaopitisha maombi kwenda kwenye API, hausomwi tena, uhamishie kwenye server.proxy. Matokeo yanawekwa dist badala ya build. Seva yako ikitafuta build, tumia build.outDir.

Sasa ile nusu nyota. Vite haikagui aina za data za TypeScript (JavaScript iliyoongezewa aina): inaziondoa tu na kuendelea, hivyo msimbo wenye makosa ya aina unajengwa bila onyo. Andika tsc --noEmit && vite build. Majaribio ya msimbo ya Jest nayo ni vyema yahamie Vitest, ambako jest.fn inakuwa vi.fn.

Kwa dashibodi iliyo nyuma ya ukurasa wa kuingia, Vite inatosha. Kwa duka au tovuti ya habari inayotegemea kupatikana Google, anza na Next.js, mfumo uliojengwa juu ya React, kwa kuwa kurasa zake zinaweza kuandaliwa kwenye seva kabla ya kumfikia msomaji.