Wamelipisha magurudumu manne, wamegusa mawili (alaimenti, Nyakato)

Gari ni Datsun 240Z, aina iliyoshinda Safari Rally mwaka 1971 na 1973. Nililipeleka kwenye karakana moja ya alaimenti (kupima na kunyoosha mwelekeo wa magurudumu) huko Nyakato, Mwanza, kwa tatizo linaloeleweka: ukiachia pedali ya mafuta kwenye kona mkia unatupa nje, na stering haikai katikati. Niseme haki, mashine yao inapima vizuri. Karatasi ya vipimo ilitoka nyekundu kabisa, yaani vimetoka nje ya kiwango: gurudumu la nyuma kushoto linaangalia nje. Kijana akaiona, akarekebisha tairodi za mbele (vyuma vinavyogeuza magurudumu) mpaka stering ikanyooka, kisha akaniambia: "Mzee, nyuma hapo hakuna cha kurekebisha. Gari lenyewe la makumbusho."

Hakuna cha kurekebisha! Ni kweli, 240Z haikutoka kiwandani na marekebisho ya nyuma. Ndiyo maana vipimo vikihama ujue kuna kitu kimechoka, na kazi ya fundi ni kukitafuta. Aanze na bushi (mipira ya viungio) za ndani za mkono wa chini, chuma kinachounganisha gurudumu na bodi: ingiza mtaimbo, sukuma, mkono ukicheza mpira umekwisha. Halafu aangalie mkono wenyewe kama haujapinda. Ukinyoosha mbele ufuate nyuma iliyopotoka, stering inakaa sawa lakini gari linatembea upande kama kaa.

Bushi za nje ndizo zenye kazi, kwa sababu ile pini ndefu inayopita ndani yake chini ya haba (kitovu cha gurudumu) hugandana na kutu. Toa kwanza kipini kinachoifunga katikati, kisha ivute kwa nati na kipande cha bomba. Usiigonge kwenye nyuzi zake za kufungia nati, zikipondeka haitoki tena. Bushi mpya za mpira zikazwe gari likiwa limekalia magurudumu yake. Ukikaza likiwa juu ya jeki, mpira unajisokota na kuchanika mapema. Hitilafu ikibaki, zipo bushi zenye tundu la pembeni, unazizungusha kubadili mwelekeo wa gurudumu. Hata bila mashine, funga kamba mbili nyembamba sambamba, kushoto na kulia ya gari, umbali sawa kutoka haba, upime kutoka kamba hadi ukingo wa rimu, mbele na nyuma ya rimu. Kwa rimu ya inchi 14, tofauti ya milimita 1 ni kama digrii 0.15. Mimi huacha ukingo wa mbele uingie ndani milimita 1 kila upande.

Nilitaka kuwashauri mkapime kwao, mkatengeneze kwingine. Nafuta. Mtu aliyeona nyekundu kwenye karatasi yake mwenyewe akachukua pesa ya magurudumu manne, msimpelekee hata baiskeli. Nimedai nusu ya pesa yangu. Wanasema mashine imeshatumika.