TAHADHARI: Anayeuza rigi za parachuti Njiro, msimpe hata shilingi

Jamani, hii nimeiandika na kuifuta mara tatu kwa aibu. Lakini nikinyamaza kuna mtu atakufa. Kuna bwana yuko Njiro, Arusha, anauza rigi za parachuti zilizotumika, yaani begi lenye parachuti kuu na ya akiba ndani. Mimi kanila milioni sita na laki nne.

Mnaonijua mnajua hela ile imetoka wapi. Ni tipu za misimu mitatu ya kupandisha watu Kilimanjaro, njia za Machame na Lemosho, na hili goti langu. Na sikutaka tena kukodi rigi kule Diani, Kenya, tunakorukia. Nilipofikisha miruko 25 na leseni ya A, ile ya mrukaji anayeanza, mkononi nikasema basi, nanunua yangu.

Sikukurupuka, naomba mnielewe. Aliyeniunganisha naye ni ndugu yetu tuliyekuwa naye darasa moja la kuruka, na yeye kadanganywa kama mimi, msimtukane. Tumeongea na huyu bwana wiki mbili nzima. Alikuwa wa kwanza kuniuliza uzito wangu. Nikamwambia kilo 78. Akasema, "Ongeza kilo 12 za rigi na nguo mdogo wangu, unafika 90, hiyo ni ratili 198. Wewe bado mgeni, usiende zaidi ya ratili moja na kidogo kwa kila futi ya mraba. Nina ya 190, ndiyo yako." Ni hesabu ileile aliyotufundisha mwalimu! Mtu anayekukataza mwavuli mdogo, ule unaoshuka kwa kasi, utasema anataka kukuua? Na alikuwa na video zake akiruka, uso unaonekana kabisa, si za kuokota.

Siku ya kwenda kuiona nilitoka Moshi alfajiri, saa nne nikawa kwake. Nyumba nzuri, geti jeusi, mtoto anaendesha baiskeli uani, shemeji akaleta chai na maandazi. Akatandaza parachuti kuu kwenye nyasi, akashika ukingo na kuikung'uta, kitambaa kikalia. "Unasikia? Hiki bado kipya." Nikapita kamba moja moja kwa vidole kama ninavyokagua kamba za mahema kabla ya safari. Zilikuwa nzima. Katikati, pale panapokaa lebo ya kiwanda, palikuwa na alama ya mshono tu na nyuzi zimening'inia. Nikauliza. Akasema lebo ilikuwa inakwaruza ikakatwa wakati wa matengenezo. Nikakubali! Mimi ambaye nikinunua jaketi la mtumba pale soko la Memorial nageuza ndani nje nisome lebo kabla sijauliza bei.

Parachuti ya akiba sikuiona kwa sababu ilikuwa imefungwa na fundi wa parachuti, na ndivyo inavyotakiwa. Akanionyesha kadi yake, mistari imejaa tarehe na sahihi, kila baada ya miezi sita. Akanionyesha uzi mwekundu na kile kirisasi, kipande cha madini ya risasi cha kufungia. Nilikishika. Kilikuwa kimebonyezwa, laini, hakina maandishi. Nikaomba tuwashe kile kifaa cha kukata kamba chenyewe ili akiba ifunguke usipoivuta, Cypres 2, ili nikione kikihesabu kutoka 10 hadi 0 kama tulivyozoea. Akanishika mkono. "Usikiwashe bila kuruka, unamaliza betri." Alisema kwa upole, kama kaka mtu. Kifaa ni cha 2017, akasema.

Nilikuwa nimeshatuma milioni mbili za kushikilia. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mwanamke, akasema ni laini ya mke wake. Zilizobaki nikamhesabia mezani taslimu. Akanikumbatia. Akasema nikifika Diani nimtumie picha.

Nikapita Holili, Taveta, Voi mpaka Mombasa, nikavuka Likoni, begi nimelipakata njia nzima. Mwalimu akagoma nisipande ndege mpaka fundi alifungue. Niliudhika, nikamjibu vibaya, na leo namwomba msamaha hapa mbele ya watu wote.

Fundi alitazama kirisasi akaniuliza nani kafunga hii. Kila fundi mwenye leseni ana alama yake inayogandamizwa kwenye risasi, na alama hiyo lazima iende na kadi. Yangu ilibonyezwa na koleo. Kadi nayo, tarehe za miaka minne, wino ni mmoja, mwandiko ni mmoja. Akakata uzi. Ikatoka harufu ya godoro lililolowa. Kwenye kitambaa cha akiba kulikuwa na doa la kahawia ukubwa wa kiganja. Akavuta taratibu kwa vidole viwili, kikachanika kama gazeti lenye maji. Hiyo ndiyo ingenishika mimi kama ile kuu ingegoma! Na Cypres haikuwa ya 2017. Lebo yake ya ndani ilisoma 2006. Uhai wa Cypres 2, hata zile mpya, haupiti miaka 15 na nusu, hiyo imeshakufa zamani. Parachuti kuu akaipima: futi za mraba 150. Ratili 198 kwa 150 ni 1.32. Kwa mtu wa miruko 25.

Huyu si tapeli wa simu feki. Wa simu feki anakuachia uhai wako. Huyu alinihesabia uzito wangu, akajua kabisa mwavuli gani hautaniua, akaniuzia mwingine. Mimi nataka afungwe. RB ninayo, polisi wameandika kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, kosa la mpaka miaka saba, na mimi nasema miaka saba ni michache. Wanasheria mliomo humu, hakuna namna ya kuiita jaribio la kuua? Naombeni msaada, niko serious. Na shemeji aliyeleta chai naye aulizwe, laini ni yake.

Mtakaonunua, lebo ikiwa haipo ondokeni. Akikataza kuwasha kifaa, ondokeni. Mwambieni rigi iende kwanza kwa fundi mnayemjua ninyi, ifunguliwe hiyo akiba mbele yenu, ndipo hela itoke. Namba za kiwandani tumeni kwa watengenezaji wenyewe wawaambie ni ya mwaka gani na kama haijaibwa. Laiti mimi ningefanya hilo moja tu.

Jana usiku kaweka tangazo la nyingine, ya kijivu na mikanda myekundu, anasema "inamfaa dada wa kilo 60". Dada aliyeandika chini ya tangazo hilo kwamba anakwenda kuiona Jumamosi, nimekutumia ujumbe mara mbili hujafungua. Usiende. Nipigie hata usiku wa manane.