Kwani mnalala wangapi?

Swali hilo niliulizwa Keko, kwa mafundi seremala wa Dar, saa tano asubuhi, mbele ya vijana saba na mama muuza uji. Nimetoka Tabata, nimebadilisha daladala Buguruni, mkononi nina kipande cha mbao nimekifunga kwenye khanga maana ncha yake ingechana watu garini. Salamu yenyewe sijaimaliza. Nikafungua khanga, nikamwonyesha fundi ubavu wa kitanda alichoniuzia. Akautazama. Akanitazama na mimi, kuanzia viatu kwenda juu, akasema: "Dada, kwani mnalala wangapi?"

Walicheka wote. Mama wa uji alikuwa wa mwisho kunyamaza.

Nalala peke yangu. Naliandika hapa lijulikane.

Sasa tuanze mwanzo, ingawa hasira hainiachii nafasi. Nilihamia Dar kikazi, mwaka juzi au ule wa kabla yake, masika ndiyo inaanza kumwagika. Mimi ni mtu wa Mafinga. Kwetu ukilala bila blanketi mbili unaamka na kifua. Nikashushwa kwenye chumba na sebule, ghorofa ya pili, dirisha linatazama jua la jioni, kodi ya miezi sita mkononi mwa mwenye nyumba na ya mwezi mmoja mfukoni mwa dalali. Ndani hamna kitu. Feni hamna, pazia hamna, hata msumari wa kutundikia kanzu ya kulalia hamna. Nikafanya kile mgeni yeyote mwenye adabu angefanya: nikauliza wenyeji.

Jamani, wenyeji wa Dar. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5 katika mkoa huu, na nina hakika kila mmoja ana fundi wake. Uliza bei ya ndoo, utapewa namba ya simu. Konda wa daladala alisikia naongea habari za kochi, akanipa namba. Mlinzi wa ofisini ana shemeji anayeuza friji zilizotumika. Mchungaji, baada ya ibada, alinishika mkono akaniambia nisinunue godoro mpaka nimpigie mtu wake.

Nilimwamini mmoja. Tulikuwa ofisi moja, kijana mpole, amezaliwa Ilala, anaongea na kila mtu kama ndugu yake. Akaniambia, "Dada yangu, mjini hapa ukienda mwenyewe unapigwa. Twende wote Keko kwa jamaa yangu, utapata mninga, mbao ngumu hasa, kwa bei ya kirafiki." Tukaenda Jumamosi. Alimvuta fundi pembeni wakanong'ona, nikadhani ananipigania. Kitanda cha 5 kwa 6, mninga, laki tano na nusu. Kilikuwa chekundu, kinang'aa, unajiona uso kwenye vanishi. Kirikuu kikanipeleka hadi mlangoni, vijana wawili wakakipandisha ghorofani wanaimba.

Wanaimba! Hapo ndipo nilipaswa kushtuka. Mninga ni mzito, hauimbiwi kwenye ngazi.

Aliyeshtuka ni mama wa chini, jirani yangu, anayekaanga vitumbua asubuhi pale getini. Alikiona kinapita, akasema tu, "Mwanangu, hicho kimekuja na mafuta ya upako?" Nikaona mama huyu ana wivu. Nilikuwa nimekwishamchukia kidogo, kwa sababu siku ya kwanza nilipomwuliza ninunue nini kwanza, kochi au kabati, alinijibu, "Nunua feni na madumu. Kochi utamkalisha nani na jasho hilo?" Sikupenda. Nikanunua kochi. Wiki ile ile maji yakakatika siku tatu, nikawa nakaa kwenye kochi langu jipya, nanuka, natazama bomba.

Basi, kitanda. Kilidumu miezi minne, labda mitano. Usiku mmoja nimegeuka tu, namtafuta mbu, nikasikia *kra!* na godoro likaenda chini upande wa ukutani, chaga zote zikamwagika kama njiti za kiberiti. Nikawasha taa. Ubavu umepasuka kwa urefu, na ndani ya ule wekundu wote mbao ilikuwa nyeupe, ya njano kidogo, ina alama za vifundo vya matawi. Nikaisogeza puani.

Paina.

Mimi! Mtoto wa Mafinga! Nimekulia kando ya Sao Hill, shamba la miti la serikali ambalo ukilipita kwa basi unaweza kulala ukaamka bado unatazama paina. Marehemu babu alikuwa mpasuaji mbao. Harufu ya utomvu wa paina ndiyo harufu ya nguo zangu za shule. Kwetu paina ni ya kenchi, ya kupaulia nyumba, na kwa kazi hiyo haina ubaya wowote. Nimesafiri zaidi ya kilomita 500 kuja kuuziwa mti wa nyumbani kwetu, umepakwa rangi, kwa bei ya mninga. Nilikaa sakafuni nikacheka, halafu nikalia, halafu nikalala hapo hapo sakafuni, na ukweli ni kwamba kulikuwa na ubaridi mzuri.

Asubuhi ndiyo nikaenda Keko na khanga yangu. Mnajua nilichoulizwa.

Ningeweza kuishia hapa, niwaambie msiende kwa mafundi, mnunue vya dukani vilivyofungwa kwenye boksi. Nilikuwa nimeamua kusema hivyo. Lakini nilipomfokea fundi yule, nikamwambia mwizi, tapeli, mimi nimezaliwa kwenye paina, yeye akaweka msasa chini taratibu na kuacha kutabasamu. Akasema, "Dada, ile laki tano na nusu, mimi ilinifikia laki tatu na nusu. Mbili alichukua aliyekuleta. Laki tatu na nusu nikununulie mninga, nikuchongee, nilipe vijana na vanishi? Niambie wewe mtoto wa mbao."

Cha juu. Yule mpole wa Ilala alikula cha juu cha laki mbili, na Jumatatu yake alininunulia chai ya maziwa na chapati ofisini. Nilikunywa nikamshukuru.

Kwa hiyo fundi ni mwizi au si mwizi? Ni mwizi. Aliitamka "mninga" kwa mdomo wake, nilimsikia. Lakini ndiye mtu wa kwanza mjini hapa kunipa ushauri ambao haukuwa na namba ya simu ndani yake. Alinipeleka kwenye vitanda vyake mwenyewe, akanionyesha: inama, tazama kwa chini ambako rangi haifiki; kwangua kwa ufunguo mahali pasipoonekana; nyanyua ncha moja, kama inakuja kirahisi iache; ukikuta kimeshapigwa vanishi, omba uoneshwe ambacho bado hakijapigwa. "Na usije na mtu," akasema. "Ukija na mtu unalipa watu wawili." Alikuwa anajiharibia biashara mbele ya mteja mwingine aliyekuwa amesimama hapo na, bila shaka, mtu wake.

Hela hakurudisha. Nilimganda mpaka adhuhuri, mama wa uji sasa yuko upande wangu, anamwambia "mtengenezee mtoto wa watu." Mwishowe akavuta ubao uliokuwa nyuma ya banda, akaupiga randa, vumbi lake jekundu likamwagika miguuni mwangu. Mninga. Niliukwangua kwa ufunguo mbele yake, naye akanisubiri. Nikaubeba hadi kituoni, bega likaniuma siku mbili.

Mama wa chini alipouona akasema, "Huo sasa." Kisha akaniuliza kama nina mapazia, maana ana mpwa wake Kariakoo. Nilimtazama kwa muda mrefu. Nilikwenda. Mpwa wake alinipimia vizuri na bei ilikuwa chini kuliko kwa wenzake wawili niliowauliza, kwa hiyo sielewi tena nimwamini nani.

Kitanda sikubadilisha. Miguu ni paina, kichwa ni paina, ubavu wa dirishani ni paina. Ubavu wa ukutani ni mninga, na rangi zake hazifanani. Nalala upande huo.