TAHADHARI: "Mwalimu wa usalama wa simu" anayezungukia wakulima wa mwani Micheweni

Assalaam aleikum ndugu zangu. Kuna kijana anazunguka vijiji vya Micheweni, hapa Pemba, akijitambulisha kuwa mwalimu wa usalama wa mtandao kwa wakulima. Ni tapeli. Wafikishieni habari hii mama zenu wanaolima mwani, maana hao ndio anaowafuata, na huja baada ya bamvua (siku za maji kupwa sana, mwani unapovunwa), wanunuzi wameshapima mzigo na pesa zimeshaingia kwenye simu.

Huvaa kitambulisho shingoni, ana kitabu cha risiti chenye muhuri. Huanza kwa maneno ya kweli kabisa: meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii" ifuteni, msiijibu. Wakishamwamini, anatoza 5,000 ya kuilinda laini. Lakini siyo hiyo anayoitaka. Mwenye kitochi huambiwa ataje namba ya siri iandikwe daftarini. Mwenye simu kubwa hutumiwa programu kwa WhatsApp, nayo huomba ruhusa ya kusoma meseji zote. Ukiruhusu, kila namba ya uthibitisho inayoingia kwako na yeye anaiona.

Kisha huwawekesha kidole kwenye kimashine. Mama yangu mdogo aliwekeshwa mara tatu, eti kidole kina chumvi hakisomi. Tulipopiga *106# tukakuta laini mbili zimesajiliwa kwa NIDA yake, naye hazijui. Pesa ya mwani iliondoka usiku ule ule, na hizo laini Mungu ndiye ajuaye zitatapelia nani kwa jina lake.

Namba ya siri haombwi mtu, hata kampuni ya simu yenyewe haiulizi. Na mafunzo halali hupitia kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Wetu hakuwa na habari yoyote. Imeniuma sana, kwa sababu elimu hii wazee wetu wanaihitaji kweli, na sasa akija mwalimu wa haki watamfukuza.

Aliyekwisha kuingia: badilisha namba ya siri sasa hivi, ondoa hiyo programu, piga 100 uzungumze na mtandao wako. Angalia *106#, ukikuta laini ngeni nenda dukani kwao na kitambulisho wazifunge, halafu polisi ukachukue RB, namba ya taarifa yako. Namba anayotumia iripotini 15040.

Mara ya mwisho ameonekana njia ya Konde. Msimu wa karafuu ukianza, msishangae akihamia kwa wenye mikarafuu.