Kipimo cha uga wa kuona: kikifanywa vizuri hueleza mengi

Herufi za ukutani za kliniki ya macho hupima eneo dogo la katikati tu. Mtu anaweza kuzisoma hadi mstari wa chini kabisa huku nusu nzima ya mandhari ya pembeni imeshapotea. Pengo hilo ndilo linalozibwa na mashine ya uga wa kuona (eneo lote jicho linaloliona likiwa limetulia), ile yenye bakuli jeupe.

Kidevu huwekwa kwenye kiegemeo, jicho moja huzibwa, na lililo wazi hutazama taa ya katikati bila kuhama. Vinukta vya mwanga huwaka kwa sekunde 0.2, na mpimwaji hubonyeza kitufe kila akionapo kimoja. Kwenye mashine ya Humphrey, mpango wa 24-2 hupima nukta 54 zilizoachana kwa nyuzi 6 za pembe. Mashine hufifisha mwanga makusudi hadi usionekane, kwa hiyo hata mwenye macho mazima hukosa karibu nusu ya vinukta. Asiyeelezwa hilo mapema hudhani anafeli, akaanza kubahatisha. Lawama hapo ni ya mhudumu, mashine haina kosa.

Raha yake iko kwenye karatasi ya majibu, kwa sababu umbo la giza huonyesha njia imekatika wapi. Retina, utando wa nyuma ya jicho, ina chembe zaidi ya milioni 100 za kupokea mwanga, lakini neva ya jicho, inayopeleka habari kwenye ubongo, ina nyuzinyuzi kama milioni 1 tu. Nyuzi hizo hupita kwa kupinda juu na chini ya kitovu cha retina, ndiyo maana glakoma, ugonjwa unaoharibu neva ya jicho, mara nyingi huchora doa lenye umbo la upinde. Neva mbili zikifika juu ya tezi ya pituitari, tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, hukutana: nyuzi za nusu ya retina iliyo upande wa pua huvuka, za upande wa sikio hazivuki. Uvimbe wa tezi ukibana makutano hayo kwa katikati, macho yote mawili hupoteza nusu ya nje. Baada ya makutano, kila upande wa ubongo hubeba nusu moja ya mandhari, kupitia kituo cha thalamasi (sehemu ya ndani ya ubongo) chenye tabaka 6 hadi kisogoni. Kiharusi cha kisogo upande wa kulia hufuta nusu ya kushoto ya mandhari kwa macho yote mawili.

Mgonjwa wa namna hiyo aghalabu hulalamika kwamba “jicho la kushoto halioni”. Kliniki ikipima hilo pekee, hiyo ni nusu ya kipimo, na haifai hata kulipiwa. Karatasi mbili husomwa zikiwa bega kwa bega.

Zipo pia dosari zinazofanana na ugonjwa. Kope iliyolegea hula sehemu ya juu, na dawa yake ni kuinyanyua kwa plasta. Lenzi ya kusahihisha ikikaa mbali na jicho, ukingo wake huacha pete nyeusi pembeni. Isipowekwa kabisa kwa anayehitaji miwani ya karibu, vinukta huonekana kwa ukungu, kwani bakuli liko sentimita 30 tu mbele yake. Mtoto wa jicho hufifisha uga wote.

Mashine hujilinda kwa mtego: hurusha mwanga ndani ya doa kipofu, sehemu ya uga ambako kila jicho halioni kiasili, nyuzi 15 upande wa sikio, na anayebonyeza hujulikana kuwa jicho limehama. Makosa hayo yakizidi asilimia 20, au kubonyeza bila mwanga kukizidi asilimia 15, rudieni. Jaribio la kwanza huwa baya hata kwa watu makini, hivyo msingi wa kulinganisha uwe la pili au la tatu.

Udhaifu wa 24-2 ni kwamba kidoa kidogo karibu na katikati huweza kupenya kati ya nukta. Anayelalamika kuwa herufi zinakatika wakati wa kusoma aombe 10-2, ambayo nukta zake zimeachana kwa nyuzi 2.