Darasa la kupumua Ngong Road, Nairobi, kwa nyinyi mliopigwa na stopu ya kazi

Tangu Januari 2025 Marekani isimamishe pesa za USAID, lile shirika lake la misaada, sisi wa miradi ya afya usingizi uliisha, leo uko ofisini kesho unaambiwa rudisha laptopu, saa tisa usiku moyo unanguruma kama jenereta. Rafiki akanivuta kwa hili darasa la jioni. Ni shilingi 500, mkeka unapewa ila inanuka soksi jameni, beba leso yako. Mwalimu hana maneno mengi: vuta pumzi kwa pua ukihesabu 4, toa polepole mpaka 8, mkono uwe tumboni uone tumbo ndio linapanda si mabega. Hiyo kutoa ndefu ndio kazi yenyewe, maana mapigo ya moyo hupungua ukitoa pumzi, mi nilianza kupiga miayo hadi nikaona aibu. Filimbi ya kwa spika wangeizima tu. Na yule dada wa mapokezi kutuuzia kifurushi cha miezi 3, watu hawana mshahara, aki! Lipa ya siku moja, ukishika hesabu fanya bure kwa matatu. Kodi ya nyumba bado nadaiwa lakini nalala. Nyota 4.