Siku mbili za kutembezwa kwenye bustani na misitu ya Nairobi, mji nilioufanyia kazi miaka 31

Watoto wangu waliponiambia wamenilipia ziara ya siku mbili ya kutembezwa kwenye bustani na misitu ya Nairobi, sikufurahi. Nilikuwa karani katika ofisi moja ya Kenyatta Avenue kwa miaka 31, nikastaafu mwaka jana. Nyasi za bustani ya Jeevanjee nimezikalia saa za mchana mara zisizohesabika, nikila githeri niliyobeba kutoka nyumbani. Uhuru Park niliwapeleka wao wenyewe kupanda mashua wakiwa wadogo. Leo zilipwe shilingi 3,500 nikaonyeshwe nini? Lakini pesa ilishatumwa kwa M-Pesa, na Jumamosi saa mbili kasoro robo nilikuwa mahali pa kukutania na mwavuli wangu. Naandika haya kwa sababu Jumapili jioni nilirudi nyumbani nimebadili mawazo karibu yote, isipokuwa kuhusu baiskeli tulizopewa siku ya pili.

Siku ya kwanza ni ya miguu. Tulikuwa watu tisa: vijana wanne wanaofanya kazi Westlands, mke na mume kutoka Mombasa, mwanafunzi wa usanifu majengo, bwana mmoja mwenye kamera kubwa, na mimi. Mwongozaji ni kijana ambaye hajafika miaka 30, mzaliwa wa Kariobangi, mwenye sauti isiyohitaji spika. Kabla ya kueleza chochote alituketisha kwenye nyasi, akamuuliza kila mtu ni lini mara ya mwisho alikaa mjini mahali popote bila kununua kitu. Kijana mmoja wa Westlands alifikiri kwa muda mrefu, akasema hakumbuki. Hapo nikaanza kumsikiliza huyu mwongozaji.

Hakutupa hotuba ya mimea. Kila mahali tuliposimama alikuwa na swali moja: kwa nini mahali hapa bado pako wazi? Kuhusu Uhuru Park, iliyofunguliwa na Mzee Jomo Kenyatta tarehe 23 Mei 1969, alituambia tulitazame jengo la KICC, lile jumba la mikutano ya kimataifa, lenye ghorofa 28, kisha tuliongeze mara mbili na zaidi kichwani. Ndivyo lingekuwa lile jengo la ghorofa 60 lililotakiwa kusimamishwa ndani ya bustani mwaka 1989, jengo la Kenya Times, gazeti la chama tawala cha KANU. Wangari Maathai, mwanaharakati wa mazingira, aliandika barua kila mahali kulipinga, akatukanwa bungeni, akaambiwa na Rais Moi anyamaze kama mwanamke wa Kiafrika anavyopaswa. Jengo halikujengwa. Kisa hicho nilikijua, wa rika langu wote tunakijua. Lakini sikuwahi kusimama kwenye nyasi zenyewe nikalipima lile jengo kwa macho, nikaona kivuli chake kingeangukia wapi.

Tulipofika Freedom Corner, pale Uhuru Highway inapokutana na Kenyatta Avenue, alianza kueleza habari za akina mama waliokaa hapo kuanzia tarehe 28 Februari 1992, wakigoma kula ili wana wao waliofungwa kwa sababu za kisiasa waachiliwe. Tarehe zake zote zilikuwa sawa. Mimi nilikuwa na miaka 25 wakati huo. Jioni ya kwanza nilipita pale nikielekea stejini, nikawaona wameketi chini, wanawake wa umri wa mama yangu, wengine na leso mabegani. Tarehe 3 Machi polisi wakaja na virungu na vitoa machozi, na baadhi ya wale akina mama wakavua nguo mbele ya askari. Kwetu mama akikuvulia nguo kwa uchungu, hiyo ni laana isiyo na dawa. Ofisini tulifunga madirisha yote na bado moshi uliingia.

Sikukusudia kusema neno. Lakini nilijikuta nasema, na yule kijana akarudi nyuma hatua mbili, akasema, "Mama, endelea." Akawaambia wengine wasogee karibu. Akaniuliza watu waliokuwa wakipita walifanya nini, kama waliwapelekea maji, kama tulizungumzia jambo hilo ofisini. Nikamwambia ukweli: ofisini hatukulizungumzia, tuliogopa. Nilipomaliza, aliendeleza kisa mahali nilipokiacha: akina mama walivyohamia kanisa kuu la All Saints, hatua chache tu kutoka pale, wakaendelea huko kwa miezi mingi, hadi wafungwa wakaachiliwa. Ratiba yake ilichelewa kwa dakika 25 kwa sababu yangu, na hakuitazama saa hata mara moja. Ningekuwa mimi ndiye niliyemwajiri, kwa dakika hizo peke yake ningempandisha mshahara.

Kutoka hapo tulifuata Kenyatta Avenue, tukakata kuingia Muindi Mbingu. Barabara hizi zilitengenezwa upya miaka michache iliyopita, njia za waendao kwa miguu zikapanuliwa na za baiskeli zikachorwa. Ni raha kutembea pale bila kusukumwa na matatu. Njia ya baiskeli tuliikuta na magari mawili yameegeshwa juu yake na bodaboda saba zikingoja abiria. Mwanafunzi wa usanifu alizihesabu akaandika kwenye daftari lake.

Jeevanjee ndipo walipokosea, na nalieleza kwa urefu kwa sababu ni kosa linaloweza kurekebishwa. Historia aliieleza vizuri sana. Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa watu wa mji bustani hii mwaka 1906. Mwaka 1991 ilipotakiwa kugeuzwa maegesho ya magari ya ghorofa, mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza mapambano ya kuiokoa. Ile sanamu ndogo ya Malkia Victoria, iliyowekwa tangu mwanzo, ilivunjwa kichwa mwaka 2015. Yote sawa. Lakini huku akieleza, bwana wa kamera alikuwa ameinama juu ya mtu aliyelala kwenye nyasi, viatu vyake amevifanya mto, akimpiga picha ya uso. Mwongozaji aliona, akaendelea na Malkia Victoria.

Nilikwenda mwenyewe nikamwomba yule bwana aifute picha. Aliifuta, ingawa kwa shingo upande. Wanaolala Jeevanjee asubuhi wengi ni walinzi waliokesha kwenye milango ya maduka na ofisi, wanangoja nauli ishuke ndipo warudi nyumbani. Kwa miaka yote hiyo nimekaa nao benchi moja, nimewaachia gazeti, wameniangalizia mkoba nikienda kunawa. Bustani ni yao kuliko ilivyo yangu, maana mimi nilikuwa na ofisi ya kurudi. Anayeuza ziara ya maeneo ya umma lazima awafundishe wateja wake, kabla ya hatua ya kwanza, kwamba umma wenyewe si sehemu ya maonyesho.

Nilimwambia haya kijana baadaye, tukiwa wawili. Hakujitetea. Na Jumapili asubuhi, kabla hatujagusa baiskeli, sharti la kwanza alilotaja lilikuwa hilo la picha.

Tulimalizia siku ya kwanza Michuki Park, kando ya Mto Nairobi, karibu na mzunguko wa Globe. Mimi mahali hapo nilipajua kama gereji na jaa la takataka, pa kupita mbiombio umeshika mkoba. John Michuki alipokuwa Waziri wa Mazingira alianza kupasafisha, akafariki mwaka 2012, na bustani ikatengenezwa upya na kupewa jina lake mwaka 2020. Sasa kuna mianzi, kuna vijia, kuna wapenzi wameketi kivulini. Mto bado unanuka. Mwongozaji hakutuficha hilo. Alitusogeza hadi ukingoni, akatukumbusha kwamba jina la mji huu lilitoka kwa Wamaasai waliopaita pahali pa maji baridi, akanyamaza tukatazama yale maji. Mke wa yule bwana wa Mombasa alitikisa kichwa tu.

Jambo la choo. Kutoka saa mbili hadi saa saba tulisimama chooni mara moja, tena baada ya mimi kuomba. Wanaopanga ratiba ni vijana wenye figo za vijana. Waandike kwenye ujumbe wao vyoo viko wapi na tutavifikia saa ngapi, maana hilo ndilo linaloamua kama mtu wa rika langu atakuja au atabaki nyumbani.

Siku ya pili ni msitu wa Karura, na baiskeli. Tulikutana mjini tukapelekwa kwa gari dogo hadi lango la Limuru Road. Niliuliza kwa nini ziara ya baiskeli inaanza kwa gari, na jibu likanihuzunisha kwa sababu ni la kweli: hakuna njia salama ya kuendesha kutoka mjini hadi msituni na kundi la watu wasiozoea. Tiketi ya kuingia unajilipia mwenyewe. Haimo kwenye zile 3,500, na hawakusema. Hawakusema pia kwamba chupa za plastiki haziruhusiwi, marufuku iliyoanza kwenye misitu na mbuga zote tarehe 5 Juni 2020. Wale wa Mombasa walikuja na chupa sita wakaziacha langoni. Ujumbe mmoja wa simu ungetosha.

Baiskeli sasa. Mimi ni mfupi. Niliendesha baiskeli kijijini nikiwa msichana, Black Mamba ya baba, nikipitisha mguu chini ya lile bomba la juu. Kwa hiyo hofu sina. Lakini baiskeli niliyopewa ilikuwa na kiti kirefu, na skrubu ya kukishusha imekwama kwa kutu. Zote tisa zilikuwa za kipimo kimoja! Ncha za vidole vyangu ndizo zilizogusa ardhi. Breki ya nyuma ilishika ukiibana hadi mwisho, na Karura si tambarare: njia zinashuka hadi mtoni kisha zinapanda tena, udongo mwekundu wenye mizizi. Kwenye mteremko wa pili niliteremka nikaikokota. Mwongozaji alibadilishana nami, yake ilikuwa nafuu kidogo, na kuanzia hapo aliendesha yeye ile mbovu, magoti yakipanuka huku na huku. Nampongeza yeye kwa hilo. Kampuni siipongezi. Baiskeli hupimwa na kukaguliwa kabla ya mteja kufika, na mtu anayekodisha tisa awe na mbili ndogo.

Baada ya hapo nilifurahi kama sijafurahi miaka mingi. Msitu una zaidi ya hekta 1,000 na uko ndani ya jiji. Unaingia dakika kumi tu na kelele ya magari inakatika. Njia panda zina vibao vya nambari, hupotei. Tuliona mbega juu ya miti, weusi na weupe, mikia imening'inia kama mashungi. Walihamishiwa hapa kuanzia mwaka 2014, na wamezaana. Tuliziacha baiskeli juu, tukashuka ngazi kwa miguu hadi maporomoko ya Mto Karura, kisha tukaenda kwenye mapango ambamo Mau Mau, wapiganaji wa uhuru, walijificha. Ndani ya pango mwongozaji alitunyamazisha kwa dakika moja, na mara hii hata bwana wa kamera aliishusha.

Kisa cha Karura alikitunza hadi mwisho, tukiwa tumeketi juu ya gogo. Tarehe 8 Januari 1999 Wangari Maathai alikuja na watu wake kupanda mti, kwa sababu vipande vya msitu vilikuwa vimegawiwa wajenzi wa nyumba. Walinzi wa kukodiwa wakawapiga, yeye akapasuliwa kichwa. Agosti mwaka huo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Mwanafunzi wa usanifu, aliyezaliwa baada ya hayo yote, aliuliza ni mti gani alitaka kupanda siku hiyo. Kijana akasema hajui, atatafuta. Nilimpenda kwa kusema hajui.

Kuna pengo moja kubwa: City Park wameiruka. Gari letu lilipita kandoni mwake Jumapili asubuhi bila kupunguza mwendo, na humo ndimo amezikwa Pio Gama Pinto, mpigania uhuru na mbunge aliyeuawa Februari 1965, na karibu naye Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais, aliyetaka alazwe karibu na rafiki yake. Hatukusimama hata dakika. Kama swali la ziara hii ni kwa nini mahali fulani bado pako wazi, City Park ina jibu lake, na kima wake pia.

Kama unauliza ulipe au usilipe: siku ya miguu ilipie bila kusita, hasa kama umefanya kazi mjini miaka mingi ukidhani unapajua. Siku ya baiskeli, piga simu kwanza. Wataje kimo chako, uulize tiketi ya msitu, ubebe chupa ya chuma. Vaa suruali, kwa wale akina mama wenzangu. Niliyevaa sketi nilikuwa mimi peke yangu na cheni iliila ukingo wote.

Mwezi ujao wanaongeza Arboretum, bustani ya miti, ile iliyoanzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kuwasha garimoshi. Nimejiandikisha pamoja na dada yangu, naye ni mfupi kuniliko. Kijana ameahidi baiskeli mbili ndogo. Nitafika saa moja na nusu, nivijaribu viti kabla ya wengine kufika.